Msimu Nilipolima Tangawizi ya Kezia

Siku mliponiaga pale ofisini mlinizawadia saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ili awahi wapi. Nimeitundika sebuleni hapa Ujiji, juu ya kabati la vyombo, na kila ikigonga mume wangu huniuliza kama sijachelewa. Katika hotuba zenu mlisema mengi mazuri juu yangu, na mengine yalikuwa ya kweli. Kisha yule binti mgeni aliyepangiwa kata yangu alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama, nikifika Kidahwe nisikosee kitu gani?" Nilimjibu haraka kwa sababu pilau ilikuwa inapakuliwa. Jibu lile halikuwa na maana. Jibu lenyewe ni hili, na mnaweza kulisoma wote.

Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka, kwa sababu hata yenyewe yalizoea kuniruka.

Nilifika Kidahwe nikiwa msichana, na begi la nguo, futi ya kupimia na viatu vya kisigino. Nimezaliwa Ujiji na kukulia Ujiji, katika nyumba ambayo shamba lake lote lilikuwa kopo la mrehani kibarazani. Kilimo nilikisomea darasani nikafaulu vizuri sana, na hilo ndilo lilikuwa tatizo langu la kwanza. Barua ya kunitambulisha ilisema bwana shamba anakuja, basi mwenyekiti wa kijiji aliponiona nimeshuka garini alitazama nyuma yangu.

"Bwana shamba yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mzee."

Alinitazama usoni, akashusha macho hadi kwenye viatu, akasema, "Haya, karibu. Tutakutafutia ndala."

Kiha sikukijua. Nilikuwa nimefundishwa salamu moja tu, nikaitoa kwa sauti mbele ya kina mama waliokuwa wakipukuchua maharage: "Mwakeye!" Walicheka mpaka mmoja akalalia ungo. Ilikuwa saa nane mchana, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Kwa miezi mingi baadaye nilikuwa nikipita jioni wananipigia kelele kutoka mashambani, "Bibi shamba, mwakeye!" Nilijifunza kuitikia bila kukasirika. Ukiweza kuchekwa kijijini ukarudi kesho yake, nusu ya kazi ya ugani umeshaimaliza.

Mwalimu wangu hakuwa wa chuoni. Alikuwa Bwana Lameki, afisa ugani wa kata ya jirani, mtu wa maneno machache mwenye baiskeli iliyoshikiliwa na waya. Alinifundisha kwamba shamba la mtu halikaguliwi umesimama. Unachuchumaa, kwa sababu magonjwa huanzia chini na kiburi huanzia juu. Alinifundisha kuchoma kisu kwenye moto kabla ya kukipeleka shamba lingine. Na katika mfuko wake, ndani ya taulo, alikuwa akibeba glasi. Nilidhani ni mtu anayejali usafi, hapendi kunywea vikombe vya watu. Siku moja akakata shina la nyanya iliyokuwa inanyauka, akalining'iniza kidogo kwenye maji ya ile glasi, akaniambia ningoje. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. "Huo ndio mnyauko wa bakteria," akasema. "Dawa yake haipo dukani. Kazi yako ni kuuzuia usifike kwa jirani." Nilinunua glasi yangu Kigoma mjini wiki ileile.

Miaka ilipita na mahindi, maharage, muhogo na michikichi. Nilikosea vingi, na vingine nikasaidiwa kuvificha. Kulikuwa na mkulima mmoja niliyemfundisha kupanda kwa mistari kwa kutumia kamba. Alifunga kamba yake kwenye kigingi alichofungia mbuzi pia, na mbuzi kila akienda kutafuta majani alikivuta kigingi kidogo. Mistari ilitoka imepinda shamba zima. Bahati mbaya wageni wa wilaya walikuja wiki ambayo mahindi yamechomoza. Mkubwa mmoja akauliza mbona mistari iko vile. Nikajibu nimekaza uso, "Ni kontua, mistari ya kukata mteremko, kuzuia mmomonyoko." Wakaandika. Nasikia ilisifiwa kwenye taarifa. Mbuzi hakutajwa.

Sasa nije kwenye tangawizi, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Tangawizi niliijua ikiwa imeshapondwa. Kwetu Ujiji huwekwa kwenye kahawa na chai, na mama yangu alikuwa akiinusa tu sokoni na kujua kama ni ya zamani. Lakini pale Kidahwe ilikuwa ikilimwa nyuma ya majiko, chini ya kivuli cha migomba, vijituta viwili vitatu kwa kila nyumba, na ilikuwa mali ya wanawake. Mimi nilipita kando yake zaidi ya miaka ishirini nikielekea kwenye mahindi. Haikuwa kwenye fomu zangu.

Mbegu yake haikuuzwa baina ya majirani. Mwanamke akiolewa pale, mmoja wa wenyeji alimpa matunguu machache ya kuanzia. Aliyetoa mbegu nyingi kuliko wote alikuwa Kezia, mke wa Mzee Ntakije. Alipofariki, mumewe alibaki na vituta vyake nyuma ya jiko. Wanaume wenzake walimtania kwamba sasa amekuwa mama wa nyumba, naye hakujali. Nilikuwa nikimkuta amechuchumaa, anang'oa magugu kwa vidole, jembe hataki kabisa lisogee. Aliniambia mara moja kwamba akifukua pale udongo hunuka kama mikono ya marehemu. Nilimwambia pole, nikaendelea na safari yangu.

Miaka michache kabla sijastaafu ukaja mradi wa kuendeleza tangawizi. Walitaka mbegu kubwa, yenye matunguu manene, na walitaka mtu wa kwenda kuichagua mkoa mwingine. Nilikwenda mimi. Nilichagua kwa macho. Nilichukua yale yaliyooshwa yakang'aa, manono, kila moja kama ngumi ya bondia, na nikarudi nayo kwenye lori nimekaa mbele kwa raha. Glasi yangu ilikuwa nyumbani kabatini. Bwana Lameki alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nashukuru hakuniona.

Niligawa mbegu ile kwa kaya kumi, ndizo zote zilizokuwa bado zinalima tangawizi, ya Mzee Ntakije ikiwamo. Nyumba zile za Kidahwe zimejipanga juu, kando ya barabara ya Kasulu, na viwanja vyake vinateremka kuelekea bondeni. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kutazama, na gari lao lisingeshuka bondeni. Kwa hiyo nikaamuru mbegu mpya ipandwe juu kabisa, karibu na barabara, na iwekewe vibao. Wenyewe walisitasita. Mmoja aliniambia kwamba kwao mbegu ngeni hukaa msimu wa kwanza chini ya mteremko, chini ya mbegu zote za nyumbani, mpaka wajue tabia yake. Nilimjibu kwamba huo ni ushirikina, na kwamba sayansi haina juu wala chini. Nawaombeni mrudie kusoma sentensi hiyo, kisha mkumbuke kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kontua.

Wote walitii isipokuwa Mama Bukuru. Huyu alikuwa mama wa mapacha, Bukuru na Butoyi, ambao wakati huo walishakuwa watu wazima wenye ndevu. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na hakubishana na mtu maisha yake yote; alikuwa akiitikia tu "ego", yaani ndiyo, kisha anafanya alivyotaka. Nilimkuta amepanda mbegu yangu nzuri kule chini bondeni, pembeni ya magimbi.

"Mama Bukuru, tulikubaliana juu."

"Ego, bibi shamba. Tulikubaliana."

"Sasa mbona iko huku?"

"Ni mgeni. Acha apumzike huku kwanza."

Nilikasirika. Wageni walipokuja nikapita mlango wake bila kusimama, na jina lake nikaliondoa kwenye orodha ya wakulima wa mfano. Aliniona nikipita. Alinipungia mkono.

Mvua za Januari zilikuwa kubwa. Mwisho wa mwezi, tangawizi ya kando ya barabara ikaanza kujikunja majani, kuanzia ya chini kwenda juu, huku udongo umelowa. Watu walisema labda ni kiu. Niliposhika shina moja likatoka lenyewe mkononi, na chini lilikuwa limeoza, linanuka. Nikaenda nyumbani kuchukua glasi. Uzi mweupe ulishuka hata kabla sijavuta kigoda. Kufikia wakati huo mvua ilikuwa imeshaosha udongo kutoka vituta vya juu na kuupitisha katika vituta vyote vya chini, vile vya zamani, vya nyuma ya majiko. Ndani ya wiki sita kaya tisa hazikuwa na tangawizi hata kidole.

Kwa Mama Bukuru kilikufa kituta kimoja tu, cha bondeni pembeni ya magimbi.

Kwa Mzee Ntakije nilikwenda mwenyewe. Alikuwa ameshafukua yote na kuichoma, kama nilivyokuwa nimefundisha kwa miaka mingi, maana alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikuwa amesimama kando ya majivu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Lakini alikuja kusimama kwenye uwazi wa ua wake na hakuniachia nafasi ya kuingia. Tangu siku ile ikawa hivyo: salamu yangu itajibiwa, ila mguu wangu hautavuka ua. Wadogo zangu, nimewahi kutukanwa kazini, nimewahi kukimbizwa na ng'ombe na mwenye ng'ombe pia. Hakuna kilichoniuma kama ule uwazi wa ua.

Ukaitishwa mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Ningeweza kusema ni mvua. Mvua haina wa kuitetea. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno, yalikuwa mazuri, yana "mabadiliko ya tabianchi" mara mbili. Niliposimama nikamwona Mama Bukuru amekaa mbele, mikono magotini, ananisikiliza kama kawaida yake, yuko tayari kuitikia ego kwa lolote nitakalosema. Maneno yote yakanipotea. Nikasema: ugonjwa nimeuleta mimi. Mbegu niliichagua mimi na sikuipima. Mkaniambia muiweke chini, nikawalazimisha juu. Nikakaa.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Sasa tufanyeje, maana kukiri hakuoti." Hiyo ilikuwa haki yake.

Mama Bukuru akainua mkono. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza mkutanoni, kwa sababu mwenyekiti alimwuliza kama anaomba kutoka nje.

"Mbegu iko kwangu," alisema. "Ni ileile ya Kezia, alinipa nilipoolewa. Sina ya kuwagawia wote mwaka huu, itakuwa kipande kipande tu, itapotea. Nitatoa kikapu kimoja. Nitampa bibi shamba."

Watu wakaguna.

"Alime mwenyewe," akaendelea kwa sauti yake ileile ya chini. "Nyumbani kwake, kwa mikono yake. Ikizaa, atawarudishia ninyi, na Mzee Ntakije atarudishiwa ya mke wake. Bibi shamba, nikuulize kwa heshima. Umewahi kulima tangawizi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Nikasema, "Hapana, mama."

"Ego," akasema, akakaa.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi tena. Nilikuwa nimepanga nyumba ndogo kijijini, Ujiji nikirudi mwisho wa wiki, na nyuma ya jiko kulikuwa na kiwanja kidogo chini ya migomba miwili, ambapo hapajawahi kupandwa tangawizi, nyanya wala bilinganya, zinazoshika mnyauko uleule. Mama Bukuru alikikagua, amechuchumaa, akaonja hata udongo. Akasema pafaa. Nilirundika samadi mapema iwe imeoza kabisa, maana samadi mbichi huunguza. Mvua za Novemba zilipoanza kutulia ardhini, nikainua vituta vitatu, futi kwa futi, nimevipima mpaka aibu.

Kikapu alikileta mwenyewe. Matunguu yalikuwa madogo, yamekunjamana, yana udongo bado. Ningeyaona kule mkoani nisingeyageukia. Alinifundisha kuyavunja, siyo kuyakata: kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, kisha kikae kivulini siku mbili tatu jeraha likauke. Nilipanda macho yakitazama juu, kina cha vidole vinne.

"Umezika," alisema.

"Kitabu kinasema…"

"Kitabu kiko wapi? Kije kinishikie jembe." Akafukua akapandisha juu kidogo. Kisha tukafunika kwa majani makavu ya migomba, tabaka nene, ili mvua isipige udongo na jua lisiukaushe.

Baada ya hapo hakikutokea kitu kwa wiki tatu. Tangawizi haina haraka, na mimi nilikuwa na haraka ya watu tisa. Kila asubuhi nilipekua majani, nikachokonoa kwa kidole, nikafunika. Mama Bukuru alinikuta.

"Unaipanda au unaichungulia?"

Kijiji kizima kilikuwa kinanichungulia mimi. Wanawake wakitoka kisimani walipitia nyuma ya jiko langu, wakachuchumaa, wakatikisa vichwa kama nilivyokuwa nikiwatikisia mimi. Mmoja aliniomba daftari la kumbukumbu za shamba, akaligeuza kurasa kwa uzito mkubwa, akaniuliza mbona tarehe ya palizi haijajazwa. Mwingine akanishauri niunde kikundi. Kuku wa jirani walipochakura majani ya kufunikia, mwenye kuku alikuja akaniambia, "Bibi shamba, elimu ya ufugaji huru si uliileta wewe?" Nilikubali, nikaenda kuchongoa vijiti vya uzio.

Ilipochomoza nilipiga kelele. Sioni haya kuliandika. Vichomozo vidogo vya kijani, kama ncha za penseli, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikamwita Mama Bukuru kwa sauti ya msiba. Alikuja mbio na kanga haijafungwa sawasawa. Alipoona ni nini akanipiga begani, tukacheka wawili, na siku ile ndiyo urafiki wetu ulipoanza kwa kweli.

Nilipalilia kwa vidole. Nilipandishia udongo kila matunguu yalipoanza kuonekana. Jembe lililotoka kwenye shamba lingine halikuingia kwangu bila kupita motoni, na nilichimba kamfereji upande wa juu ili maji ya barabarani yapite mbali. Nilijifunza pia jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichopewa: ukitaka tangawizi ya chai kabla ya msimu, hung'oi shina. Unafungua udongo ubavuni taratibu, unavunja kidole kimoja changa, unafunika. Mmea haujui kitu. Tangawizi changa haina nyuzi na ganda lake hutoka kwa ukucha, na chai yake nilimpelekea mume wangu Ujiji akaniuliza kwa nini miaka yote hii nilikuwa namnywesha maji ya moto.

Februari, katikati ya mvua, nikaona jani la njano.

Lilikuwa shina moja, kituta cha kati, majani ya chini yamejikunja kidogo. Nilijua wazi kitakachofuata: ikiwa ni mnyauko, mbegu ya Kezia imekwisha kwangu, na mikononi mwangu mara ya pili. Nilimtuma mtu amwite Mama Bukuru, naye akaja na wanawake wengine wanne, maana habari ya jani ilikuwa imetangulia. Nikachoma kisu, nikakata shina, nikalitia glasini mezani barazani. Tukakaa kulizunguka. Mama Bukuru, ambaye siku zote aliniambia nisiwe na haraka, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Dakika tano. Kumi. Maji yalibaki maji. Tuliyatazama na kanga nyeusi nyuma yake, tukayainulia kwenye mwanga, hakuna uzi. Mmoja wao akafukua pale shina lilipotoka, akakuta mzizi umekatwa safi. Nilikuwa nimeukata mwenyewe kwa jembe juzi yake nikichimba mfereji.

"Ugonjwa wake tumeujua," akasema Mama Bukuru. "Unaitwa bibi shamba."

Walicheka sana, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na nikawapikia chai kwa shina lilelile la mgonjwa.

Miezi ikaenda, mvua zikaisha, majani yakaanza kugeuka njano yote kwa pamoja, na safari hii njano ilikuwa njema. Yakakauka, yakalala. Watu wakauliza mbona sivuni. Nilisubiri mpaka ganda likakaza, kwa sababu tangawizi ya mbegu lazima ikomae. Kidole kikipita juu yake lisichubuke. Septemba nikatangaza siku.

Walikuja wote wa kaya zile, na wasiohusika walikuja zaidi. Mama Bukuru alikaa kwenye kigoda mlangoni pangu kama mkaguzi. Nilianza na jembe la meno kutoka mbali na shina, nikainua taratibu. Pigo la tatu nikakata tunguu vipande viwili.

"Weka chini hicho chuma," alisema. Nikaweka, nikaendelea kwa mikono.

Ilikuwa imezaa. Sijui niseme vipi. Kila shina lilitoka na mkono mzima wenye vidole vilivyobanana, vidogo, vimekunjamana, vigumu, na harufu ikapanda mpaka watu wa barabarani wakasimama. Hakuna tunguu lililooza, hata moja. Kikapu kimoja kilikuwa kimegeuka vikapu vingi, tukavipanga kivulini bila kuosha. Wanawake waliinama wakanusa, wakaanza kutaja jina la Kezia, mmoja hiki, mwingine kile, jinsi alivyokuwa akicheka, jinsi alivyokuwa akitoa mbegu na kukataa asante. Nikawagawia. Kila mmoja alipewa na akaambiwa aiweke kivulini chini ya nyasi kavu mpaka mvua.

Kikapu cha Mzee Ntakije kilibaki. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, amevaa koti, kofia mkononi. Hakuna aliyemwita. Watu walipopungua akaingia, akaja moja kwa moja kwenye kikapu. Aliokota tunguu moja, akavunja kidole, akakipeleka puani. Akabaki hivyo, amefumba macho.

"Ni yake," alisema.

"Ni yake, mzee."

Alilia kidogo tu, kama watu wa umri wake wanavyolia, akajifuta kwa kofia. Mimi nililia zaidi yake na sikuwa na kofia. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, nikafungua mdomo nimpe maelekezo: nafasi kati ya mstari na mstari, kina, samadi, vituta vya zamani visiguswe. Nikaufunga.

Aliningoja. "Mbona umenyamaza?" akasema. "Wewe si ndiye bibi shamba? Kule nyuma ya jiko hapafai tena. Niipande wapi?"

Mama Bukuru na wale waliobaki wote wakageuka kunitazama.

"Sijui, mzee," nikasema. "Mvua ikinyesha kwako, maji yanapita wapi?"

Kisha akainua kile kikapu, akanitwisha mimi, akavaa kofia yake.

"Twende ukaone," alisema, akatangulia, nami nikamfuata mpaka ndani ya ua.